Fungu la Pomboo

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa dikoni na daftari. Chombo kikifika naandika jina la nahodha, aina ya nyavu, muda waliokaa baharini, kisha samaki kwa kilo na kwa bei ya mnada. Jodari ana safu yake, nguru ana yake, papa na taa wana zao, hata pweza na ngisi hawakusahauliwa. Pomboo hakuwa na safu. Waliolichapisha daftari walilichapishia biashara, na pomboo kwetu haingii mnadani. Basi kila alipokufa katika jarife, kifo chake kilipita pembeni mwa kalamu yangu. Mimi nilikijua kwa njia nyingine: niliwaona mabaharia wameketi chini ya mkungu mchana kutwa wakishona nyavu, saa ambazo wenzao wamelala.

Mazungumzo mengi kuhusu pomboo na nyangumi wanaonaswa bila kukusudiwa huanza na mnyama na kumalizikia kwa mvuvi, naye kawekwa kizimbani. Maisha ya dikoni yamenifundisha kuanzia kwa mvuvi mwenyewe. Mvuvi wa jarife hamtaki pomboo kwenye nyavu zake, na hakuhitaji mtu wa semina aje kumwambia hivyo. Pomboo kwake ni hasara: nyavu zilizochanika, usiku uliopotea, samaki walioharibika. Tukilishika hilo, tunaacha kuulizana namna ya kumtia mvuvi huruma, tunaanza kuulizana nani atalipa gharama za kuubadili mtego.

Jarife la kuelea halina siri kubwa. Ni vipande vya nyavu za nailoni vilivyounganishwa mpaka vikafika mamia ya mita, na pengine kupindukia kilomita. Juu kuna kamba yenye maboya, chini kuna risasi. Linatiwa baada ya magharibi, ncha moja inafungwa chomboni, na usiku kucha chombo na jarife vinachukuliwa na mkondo. Biashara yake ni giza. Mwezi ukipevuka jodari huziona nyuzi akazikwepa, ndiyo maana watu wa jarife hutoka wakati wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Kabla ya alfajiri linavutwa, na kilichomo ndicho riziki ya siku hiyo. Liko pia jarife la kutega, linaloshushwa chini kwa nanga kuwangojea papa na taa. Hilo nalo hunasa pomboo, hasa wale wanaoishi karibu na mwambao.

Watu huniuliza inakuwaje mnyama mwerevu kama pomboo asiione nyavu. Pomboo hutafuta njia kwa sauti: hupiga milio ya haraka akasikiliza mwangwi unaorudi. Uzi wa nailoni ni mwembamba, na mwangwi wake ni hafifu mno. Yeye yuko mbioni nyuma ya kundi la samaki, akili yote iko kwa samaki, na mara nyingi hagundui kilicho mbele yake mpaka kimemvaa. Akishanaswa, kinachomuua ni maji. Pomboo ana mapafu kama sisi, na lazima apande juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Nyavu hazimruhusu kupanda. Zamani majarife yalisokotwa kwa pamba na nyuzi za mimea. Yalikuwa mazito, yakioza upesi, na hayakuweza kufanywa marefu hivi. Nailoni ilipoenea katikati ya karne iliyopita ilimpa mvuvi mdogo nguvu ambayo babu yake hakuwa nayo, na nguvu hiyo haikuchagua samaki.

Somo langu la kwanza juu ya mambo haya nilipewa na ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jarife kusini mwa Unguja. Aliniita siku moja nimshikie nyavu akishona. Alizitandaza mchangani, akanionyesha tundu la kwanza, la mviringo, lenye nyuzi zilizokatika vizuri ukingoni.

"Huyu papa," alisema. "Papa anakata. Anauma, anatoka, au anafia papo hapo. Unaliona tundu, unajua kazi yako."

Kisha akasogea pima kadhaa mbele. Hapo nyavu hazikuwa na tundu, zilikuwa zimesokotana zikawa kama kamba, kamba ya juu na ya risasi zimevutana pamoja, na katikati ya mafundo kulikuwa na vipande vyembamba vyeusi, laini kama mpira wa ndani wa baiskeli. Nilipovigusa ndipo nikajua ni ngozi.

"Na huyu alijizungusha mpaka akaisha. Hapa hushoni, mwanangu. Hapa unakata, unatupa, unanunua."

Alipima kwa mikono yake kipande kilichokufa, akakata kwa kisu, akaanza kuhesabu fedha kwa sauti: bei ya nyavu mpya, uzi, maboya mawili yaliyopasuka. Juu ya hayo aliongeza usiku wa giza uliopita bila kuvua, kwani jarife lililosokotana halivui. Ofisini hasara ile ingeonekana ndogo. Kwake ilikuwa maji ya kifuu, bahari ya chungu. Hakusema neno la huruma juu ya pomboo, wala hakuhitaji kusema ili amtake nje ya nyavu zake.

Nisipambe mambo lakini. Upo wakati ambapo pomboo aliyekufa alikuwa na kazi. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kabla ya watalii, pomboo waliwindwa kwa makusudi, na nyama yao yenye mafuta ikawa chambo kizuri cha kuvulia papa. Uwindaji huo ulikoma katika miaka ya 1990, utalii wa kuangalia pomboo uliposhika kasi kuanzia mwaka 1992. Watu waligundua kwamba pomboo mmoja aliye hai analipa kila siku, ilhali aliyekufa analipa mara moja. Mwaka 1997 eneo la Ghuba ya Menai, kwenye pwani hiyo hiyo, likatangazwa hifadhi. Hadithi hiyo husimuliwa mara nyingi kama ushindi uliokamilika, na kweli kuna la kujivunia. Ila utalii ulikomesha chusa tu, jarife likabaki. Mnyama yule yule anayepigwa picha asubuhi mbele ya Kizimkazi huogelea usiku kuelekea kwenye nyavu za watu ambao hawajawahi kupata hata senti moja ya mtalii.

Kisha wakaja watafiti. Wa kwanza niliowaona dikoni walikuwa na karatasi za maswali, na swali la kwanza kabisa lilikuwa kama nahodha huua pomboo. Jibu lilikuwa la, kutoka kwa kila mtu, wakiwemo wale ambao nyavu zao zilikuwa mbele yetu zina ngozi ndani yake. Sikuwashangaa. Mtu akiulizwa swali lenye harufu ya polisi hujibu kama aliye mbele ya polisi. Wageni wale walipoondoka nilichora kwa penseli safu moja pembeni mwa daftari langu nikaiita hasara, nikaanza kuwauliza manahodha kitu kingine kabisa: jarife limepata madhara gani tangu tuonane? Majibu yakamiminika. Papa mkubwa kakata kona. Meli imepita juu ya maboya. Pomboo wawili, mama na mwanawe, walijisokota karibu na ncha ya nje. Walieleza upande gani wa mkondo, kina gani, saa ngapi za usiku. Walikuwa wanajua yote, ila hapakuwa na aliyewauliza kwa namna ambayo jibu lingewafaa na wao.

Watafiti wengine walikuja na adabu tofauti, na hao ndio walioifungua kazi hii. Katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, Omar Amir, Narriman Jiddawi na mwenzao Per Berggren kutoka Sweden waliwahoji wavuvi wa visiwani juu ya pomboo wanaonaswa, na ripoti yao ya mwaka 2002 ilikuwa ya kwanza kuonyesha wazi kwamba majarife ya Zanzibar yanaua pomboo mwaka hadi mwaka. Baadaye wavuvi waliombwa walete mizoga badala ya kuitupa. Walileta, na kutokana na mizoga hiyo tukajifunza jambo ambalo lilizima ubishi mkubwa wa dikoni.

Ubishi wenyewe ulikuwa huu: pomboo wanatumalizia samaki. Matumbo yalipopasuliwa, pomboo wale wa kawaida wa pwani yetu walikutwa wamekula samaki wadogo wa aina nyingi na ngisi, na aliyeongoza kwa idadi alikuwa aina ya mkunga mwembamba wa kwenye mchanga na matope, ambaye hana mnunuzi mnadani kwetu. Nilimsomea ami matokeo hayo kwa lugha nyepesi. Alicheka sana. "Basi anakula mikunga na bado anakuja kunichania nyavu za jodari!" Kuanzia siku hiyo akaacha kumwita pomboo mwizi. Akawa anamwita mpita njia asiyebisha hodi.

Hesabu ya kundi nayo ilitutia hofu. Pomboo wa kusini mwa Unguja walipohesabiwa kwa picha za mapezi yao ya mgongoni, wale wa kawaida walikadiriwa kuwa kati ya mia moja na mia mbili, na wale wenye nundu, wanaokaa karibu zaidi na pwani, hawakufika hata mia. Pomboo jike hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na humnyonyesha na kumlea miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Katika kundi dogo hivyo, wakinaswa wachache tu kwa mwaka, deni lake halilipiki. Samaki hutaga mayai kwa maelfu, nasi tumezoea kuiona bahari kama isiyoisha kwa sababu ya samaki. Pomboo hawaimudu hesabu hiyo.

Aprili 2006, mamia ya pomboo walikutwa wamekufa ufukweni huko Nungwi. Habari ilizunguka dunia nzima, na kila mtu alikuwa na nadharia yake. Nakumbuka nilivyokaa dikoni nikiwasikiliza watu wakilijadili tukio lile la siku moja, huku daftari langu lenye safu ya penseli likieleza vifo vya mmoja mmoja, usiku kwa usiku, ambavyo havikupata kuandikwa gazetini. Bahari ya Hindi nzima iko hivyo. Utafiti ulioongozwa na Charles Anderson, uliotolewa mwaka 2020, ulikadiria kuwa kati ya mwaka 1950 na 2018 majarife ya jodari katika bahari hii yalinasa pomboo na nyangumi wadogo wapatao milioni 4.1. Nchi tisa zilitajwa kubeba karibu mzigo wote. Iran, Indonesia na India zimo, Sri Lanka na Pakistan zimo, Oman, Yemen na Falme za Kiarabu zimo. Ya tisa ni Tanzania.

Sheria za kimataifa zilikwishaliona jarife, ila ziliangalia lile kubwa tu. Umoja wa Mataifa uliamua kusitisha majarife makubwa ya bahari kuu kuanzia mwisho wa mwaka 1992, na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ikaja kupiga marufuku nyavu zinazozidi kilomita 2.5 katika eneo lake lote. Majarife mengi ya pwani yetu hayafiki urefu huo, hivyo yanapita chini ya sheria bila kuivunja. Na kwa kuwa ni mengi, jumla yake haina udogo.

Sasa tuje kwenye dawa. Nimeona au kufuatilia nyingi, na kila moja naipima kwa swali ambalo ami angeuliza: itanigharimu nini, na itanipunguzia samaki?

Kwanza ni vifaa vya mlio, vidogo, vya betri, vinavyofungwa kwenye kamba ya juu ya nyavu na kutoa sauti inayomwonya pomboo. Vilipata sifa Marekani katika miaka ya 1990, pale majaribio katika Ghuba ya Maine yalipopunguza kwa zaidi ya asilimia 90 vifo vya aina moja ya pomboo wadogo wa maji baridi. Peru, kwa wavuvi wadogo wenye vyombo vinavyofanana na vyetu, upungufu ulikuwa asilimia 37. Vilijaribiwa Zanzibar pia, na vilisaidia. Tatizo lilikuwa maisha ya kila siku. Jarife refu linahitaji vifaa vingi, kila kifaa kina bei ya kigeni, betri huisha, maji ya chumvi huingia, na mradi ukifungwa hakuna duka la kijijini linaloviuza. Kifaa kilichokufa betri hubaki kwenye nyavu kama boya lisiloelea. Mvuvi anakifungua anakiweka ndani, na huwezi kumlaumu.

Pili ni mwanga. Huko huko Peru, taa ndogo za LED zilizofungwa kwenye kamba ya juu zilipunguza kunaswa kwa kasa na kwa pomboo kwa kiasi cha asilimia 70 hivi, na samaki waliotakiwa hawakupungua. Hii imenivutia kwa sababu inaokoa wanyama wawili kwa gharama moja, na kasa kwetu ni kesi ya kisheria inayomtia mvuvi hofu zaidi kuliko pomboo. Lakini mtu wa jarife la jodari ana swali la haki: ikiwa mimi huukimbia mwezi, unaniambiaje nitundike taa? Jibu lake halipatikani ofisini. Lipatikane kwa kulitia jarife moja lenye taa na moja lisilo nazo, usiku mmoja, maji yale yale, na manahodha wenyewe wakiwa ndio wahesabuji.

Tatu ndiyo naipenda kuliko zote, nayo inatoka Pakistan. Huko manahodha walifundishwa kuandika wenyewe kila walichonasa, kisha wakajaribu kulishusha jarife lisielee usoni pa maji, bali lianzie kama mita mbili chini. Kinachofanyika ni kurefusha tu zile kamba zinazounganisha maboya na kamba ya juu. Kwa miaka waliyolinganisha, kunaswa kwa pomboo na jamaa zake kulishuka kwa zaidi ya robo tatu, na biashara ya jodari haikuvunjika. Tume ya Jodari nayo mwaka 2019 ikazihimiza nchi wanachama zifuate njia hiyo. Nilimweleza ami, naye akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: nyavu zilizoshuka hazikatwi ovyo na boti zinazopita usiku. Kwake hiyo ilikuwa sababu tosha, pomboo awepo asiwepo. Ndani ya wiki alikuwa amenunua kamba.

Hapo ndipo ninapoona somo. Njia tatu zote zinafaa mahali fulani, lakini iliyoingia chomboni bila kusukumwa ni ile iliyomlipa mvuvi kwa sababu zake mwenyewe.

Hata hivyo kamba nazo hununuliwa, na hapa lazima nieleze mgawo, kwa sababu miradi mingi imefia kwenye mgawo bila wenyewe kujua. Samaki wakishauzwa, kwanza zinatolewa gharama za safari: petroli, barafu, chakula, ushuru. Kinachobaki hukatwa mafungu: la chombo na mashine, la nyavu, na la mabaharia, nahodha akiongezewa chake. Mara nyingi mwenye nyavu ni tajiri anayebaki mjini. Nyavu zikichanika, fungu la nyavu ndilo linalonunua mpya, lakini kazi ya kushona ni ya mabaharia, bila malipo, na usiku uliopotea ni wao. Mradi ukija na vifaa ukampa nahodha, umempa mtu asiye na nyavu. Ukimpa tajiri, umempa mtu asiyelala baharini. Kila mmoja atasema vizuri, kila mmoja atangoja mwenzake.

Njia iliyowezekana mbele ya macho yangu ilikuwa kuiweka gharama hiyo pale pale ilipo petroli na barafu, itolewe kabla ya kugawa. Tajiri anachangia, mabaharia wanachangia, na hakuna anayeona amebebeshwa peke yake. Mabaharia wenyewe kwa utani wakaliita fungu la pomboo. Utani ule ulikuwa na hesabu nzuri ndani yake, maana fungu lile lilikuwa dogo kuliko gharama ya kipande kimoja cha jarife lililosokotwa.

Lakini si haki wavuvi wabaki wakilipa peke yao. Kwenye bahari hiyo hiyo kuna watu wanaochuma kutokana na pomboo aliye hai: wenye boti za watalii, waongozaji, mahoteli, na serikali inayokusanya ada. Wao ndio wa kwanza kufaidika jarife likishushwa mita mbili. Sehemu ya kile kinacholipwa na mtalii ingenunua kamba na taa kwa kila chombo cha jarife kinachovua maji hayo, na wenye boti nao wangejifunza kutomzonga pomboo, kwani utafiti wa Kizimkazi umeonyesha kuwa boti zikimsonga hupungukiwa na muda wa kupumzika. Kumhimiza mvuvi ajinyime ili jirani yake apate wageni si uhifadhi.

Wanaodhani amri peke yake inatosha waitazame Meksiko. Katika Ghuba ya California yuko mnyama wa jamii ya pomboo aitwaye vaquita, mdogo kuliko wote, asiyepatikana popote pengine duniani. Hakuna anayemvua. Hufia kwenye nyavu za kuvulia kamba na za kuvulia samaki aitwaye totoaba, ambaye kibofu chake cha hewa kinauzwa China kwa bei ya kutisha. Serikali ilitangaza hifadhi, ikapiga marufuku nyavu, ikaleta jeshi la majini, ikalipa fidia. Leo wamebaki kama kumi hivi. Zipo sababu nyingi, magendo yakiwa kubwa kuliko zote, lakini mojawapo ni kwamba mvuvi mwaminifu alinyang'anywa nyavu kabla hajapewa mtego mwingine uliojaribiwa na kuthibitika kumlisha.

Nyangumi ana mambo yake. Wakati wa kusi, takriban Julai hadi Oktoba, nyangumi wa nundu hupanda kutoka bahari baridi ya kusini kuja kuzaa katika maji yetu, na wavuvi wa Kenya na Tanzania huwaona wakipita na watoto wao. Huyu jarife halimzuii. Analipasua akaenda nalo, kamba zimemzunguka mkia, na tajiri ameachwa na ncha mbili mkononi. Dawa ya bei rahisi ni taarifa. Chombo kilichowaona mchana kiwaambie wenzake kwa simu, na jarife usiku huo litiwe kwingine. Akionekana amefungwa kamba, asikaribiwe na mtu yeyote kwa kupiga mbizi. Pigo moja la mkia linaua. Waitwe wenye mafunzo, na chombo kibaki mbali kikimfuatilia.

Pomboo anayekutwa hai nyavuni anaweza kuokolewa na mabaharia wenyewe, na miongozo ya Shirika la Chakula na Kilimo ya mwaka 2021 inalizungumzia jambo hili. Tundu lake la pumzi liwekwe juu ya maji kabla ya jingine lolote. Asivutwe kwa mkia wala kwa pezi, asiguswe na kulabu. Nyavu zikatwe na kuondolewa zote, kwani kipande kilichobaki kwenye mdomo au mkia kitamuua polepole. Nimeona vijana wakifanya hivyo kwa dakika chache, wakipoteza nyavu kidogo kuliko wangepoteza kama wangemwacha ajisokote.

Ami sasa ni mzee, chombo anakiendesha mwanawe, na jarife lao limeshuka mita mbili. Ninapoalikwa kwenye vikao vya uvuvi siku hizi huwa sina hotuba ndefu. Nawaomba walio na mamlaka mambo matatu: safu ya hasara katika kila daftari la diko, majaribio yanayohesabiwa na manahodha wenyewe, na sehemu ya ada ya utalii inayorudi kwenye nyavu. Kisha nawageukia matajiri na mabaharia nikawakumbusha kuwa msimu unakuja na nyavu mpya zitanunuliwa kwa vyovyote vile. Kamba za maboya ziagizwe ndefu tangu dukani, na bei yake iandikwe pamoja na petroli, kabla mtu yeyote hajashika fungu lake.